Mwalimu Aliyechora Vyombo vya Mshtarii

Nimeishi na waoga wengi, na wengine nimezaa nao, lakini mwoga kama mwalimu wetu wa shule ya jioni sijapata kumwona tena. Aliogopa radi. Aliogopa fahali, hata fahali aliyefungwa. Aliogopa vyura, alisema hawana shingo, na kiumbe asiye na shingo huwezi kujua atageukia wapi. Mvua ikinukia tu upande wa Manyoni, yeye huku kwetu karibu na Issuna alikuwa ameshajifungia ndani, visu na sufuria amevitupa uani visije vikamwitia radi. Siku moja jogoo wangu alimfukuza kutoka mlangoni kwangu mpaka barabara kuu ya Singida, na nakuapia, aliyechoka kwanza ni jogoo.

Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akibuni, kwa chaki na kwa mkaa, vyombo vya kusafiri ndani ya sayari isiyo na ardhi. Sisemi juu yake. Nasema ndani. Sayari yenyewe inaitwa Mshtarii, ile nyota kubwa isiyopepesa ambayo miezi mingine inawahi kutoka kuliko zote. Mwalimu alisema si nyota, ni dunia, tena dunia kubwa inayoweza kutumeza sisi na Wagogo na Wasukuma na bahari zote na isicheue. Ila ni moshi na upepo mtupu kutoka juu hadi chini, na chini yenyewe haipo. Ukianguka huko hufiki. Unaanguka mpaka unabanwa, unaivishwa, unakuwa sehemu ya moshi.

Sijui alizitoa wapi habari hizo. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza kisicho na jalada, alichopewa na mtu wa misheni, na mengine aliyapata kwenye redio ya kijiji. Ile siku redio iliposema watu wamefika mwezini, wazee wetu waligawanyika. Wengine walisema uongo wa wazungu, wengine wakasema hiyo ndiyo sababu mvua imechelewa. Mwalimu alitikisa kichwa tu. Kwake yeye mwezini hapakuwa na habari. "Mwezi una chini," alituambia. "Penye chini mtu yeyote anaweza kusimama, hata mbuzi. Nionyesheni mtu atakayekwenda pasipo na pa kukanyaga, halafu arudi ale ugali wake."

Tulisomea kwenye darasa la watoto, jua likianza kulala, magoti yametufika masikioni kwa udogo wa madawati. Wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume, tena kila mmoja na mtoto mgongoni, kwa hiyo ukihesabu vizuri waliosoma walikuwa maradufu ya walioandikishwa. Kwanza tulimaliza ukurasa wa kitabu cha kisomo, ule wa choo bora au wa mbolea ya samadi, maana hilo ndilo Serikali ilitaka tujue. Kisha chaki iliyobaki, kama ilibaki, ilikuwa ya vyombo. Usinicheke, lakini sentensi ya kwanza niliyoisoma maishani mwangu bila kusaidiwa haikuwa ya choo wala ya samadi. Ilikuwa hii: *Chombo kinabanwa.* Niliisoma, nikaielewa, nikaingiwa na baridi mpaka mtoto mgongoni akalia. Hapo ndipo nilipojua kwamba kusoma si mchezo. Mtu anaandika maneno mawili kule mbele na wewe huku nyuma unakosa pumzi.

Sasa sikiliza namna alivyofanya kazi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoleta yote. Wachoraji wengine huanza na kitu. Yeye alianza na vifo. Alifuta ubao, akageuka, akauliza, "Nani atatuua leo?" Tukataja. Kifo cha kubanwa. Kifo cha joto. Kifo cha upepo, maana alisema huko kuna tufani moja kubwa kuliko dunia yetu nzima, na haijapumzika tangu babu za babu zetu. Na kifo alichokiogopa kuliko vyote: kifo cha hewa isiyo hewa. Alisema hewa ya huko ukiivuta haikuchomi, haikukohozi, haina harufu. Unavuta kama kawaida na kifua kinajaa kama kawaida, ila umejaza kifua chako kitu ambacho hakikufahamu. Hata kiberiti ukiwasha huko hakiwaki. "Mtu atakufa amekaa vizuri," alisema, "kama anayesubiri chai."

Vifo vikishaandikwa upande wa kushoto, ndipo upande wa kulia alianza kuchora chombo, na kila mstari wa chombo ulikuwa jibu la kifo fulani. Ukuta mnene ni wa kifo hiki, mfuko wa joto ni wa kifo kile. Mstari usiojibu kifo aliufuta. Siku moja nilimwomba achore dirisha, walau mtu aone anakokwenda. Akauliza, linazuia kifo gani? Nikasema, cha upweke. Akafikiri sana, akalichora, lakini dogo, kama tundu la panya.

Kuna jioni alileta debe la mafuta ya taa lenye kifuniko cha kukaza. Akatia maji kidogo, akaliweka kwenye mafiga nje ya darasa mpaka mvuke ukatoka, akalitoa, akalikaza kifuniko. Sisi tumezunguka kama watu wa ngoma. Akachukua kibuyu cha maji ya baridi akalimwagia. Debe likanung'unika. Kisha likajikunja lenyewe, pande zote, kwa mlio kama mfupa unaovunjwa, mbele ya macho yetu, na hakuna aliyeligusa. Watu walikimbia. Mama Elizabeti, mpika pombe wetu, mwanamke wa kilo nyingi kuliko gunia la uwele, aliruka ua wa miiba bila kuugusa. Bibi mmoja alisema kwa sauti kwamba ameuona mkono. Tulipothubutu kurudi tulimkuta mwalimu mwenyewe amejificha nyuma ya mlango wa darasa. Alijua litakunjika, ni yeye aliyetaka likunjike, na bado alikimbia.

"Hiyo ni hewa yetu hii," alisema akiwa bado nyuma ya mlango, "hewa ya Singida, hewa ya upole. Fikirini ya kule."

Tangu siku ile darasa lilijaa. Watu walikuja kuogopa pamoja, na kuogopa pamoja kuna utamu wake. Tulibuni chombo kile sisi sote. Mama Elizabeti alisema chungu cha pombe ukikiziba kinapasuka, uache kifuniko kipumue. Basi na chombo kiachiwe tundu, hewa ya nje iingie pole pole ndani, ili kibanwe sawa ndani na nje kisikunjike. Mwalimu alifurahi mpaka akafuta kifo cha kubanwa kwa kiganja. Kisha akasimama. Akauliza, na aliye ndani, naye si atabanwa? Akakiandika tena kifo kile, kwa herufi kubwa zaidi. Mimi nilileta wazo la kibuyu cha kusukia maziwa, kining'inie na kuyumba na upepo badala ya kushindana nao, na hilo alilipokea, na kila chombo alichochora baadaye kilikuwa na shingo ya kibuyu. Bado najivuna. Kama siku moja watu watakwenda Mshtarii, wajue kibuyu ni changu.

Mume wangu, Baba Asha, alikuja darasani mara ya kwanza kwa wivu. Alisikia mke wake anakaa na mwanamume mpaka giza linaingia wakizungumza habari za kushuka na kubanwa, akaja na rungu. Akakaa nyuma. Jioni iliyofuata alikuja bila rungu. Yeye hakuogopa kitu. Alikuwa mtu wa mawe na mashimo. Alipasua miamba ya mashamba, alichimba vyoo vya kijiji kizima, na simba aliposumbua zizi letu alitoka na kijinga cha moto mkononi akiwa ameshikilia shuka kwa mkono mwingine lisimvuke. Wakawa marafiki, yule asiyeogopa na yule aliyeogopa kwa ajili ya watu kumi. Baba Asha alimtania bila huruma. Alimwambia, mwalimu, wewe hata wakikupa chombo hicho bure utaogopa kivuli chake. Na mwalimu alimjibu kila mara kwa neno lile lile: "Mimi naogopa kwa niaba yenu. Kazi hiyo lazima mtu aifanye."

Tulicheka. Tulidhani ni utani wa mwoga.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Tulikuwa tumetolewa kwenye matembe yetu, kila ukoo ulikokuwa umejibanza kwenye miamba yake, tukapangwa kwenye mistari kando ya barabara ili shule na zahanati zitukute. Mengine yalikuja, lakini maji yalibaki kule tulikotoka. Tulibeba ndoo asubuhi, tukabeba jioni, shingo zetu zikaingia mabegani mpaka tukawa kama wale vyura wa mwalimu. Ndipo mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano: tutachimba kisima wenyewe, kwa kujitegemea, hatungoji mtu. Tukapiga makofi. Kila aliyesimama alisema maneno mazuri, mzee mmoja akatema mate ya baraka pale mahali palipochaguliwa.

Mwalimu naye akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamruhusu, maana alikuwa mtu wa elimu.

"Kabla hatujachimba," mwalimu alisema, "tutaje kitakachotuua."

Nakuambia, akina mama waliwaziba watoto masikio. Kwetu kazi mpya inafunguliwa kwa maneno ya heri. Anayetaja kifo penye shimo ambalo halijachimbwa ameshakiita, na kifo kikiitwa hakiulizi nani kakiita. Sisi wa darasani tulijua ndiyo kawaida yake, ndivyo anavyoanza, lakini wewe jaribu kuwaeleza wazee kwamba ni kwa ajili ya chombo cha Mshtarii. Mzee aliyebariki alikwenda akatema mate mara ya pili. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia mwalimu kwa upole kwamba vifo vyake avibakize ubaoni, na kwamba ili roho za watu zitulie, asikaribie shimo lile mpaka maji yatoke. Mwalimu alikubali upesi. Nilimwona ameshukuru. Mashimo aliyaogopa kuliko jogoo.

Kwa hiyo kisima kilichimbwa bila yeye. Alizunguka njia ndefu kwenda dukani ili asipite karibu. Baba Asha ndiye aliyekuwa mchimbaji mkuu, na mdogo wake, Hamisi, alikuwa juu kwenye gogo la kuzungushia kamba. Hamisi alikuwa kijana bado, mwenye nguvu za punda na hasira za nyuki, aliyempenda kaka yake kuliko alivyompenda mtu mwingine duniani. Walichimba udongo mwekundu, wakachimba udongo mweupe, watu wakaanza kuonekana wadogo kule chini. Kisha mtaimbo ukagonga jabali ukarudi.

Walipiga nyundo mpaka mpini ukavunjika. Jabali lilikaa. Ndipo wazee wakasema, mbona tunahangaika, babu zetu walipasua mawe ya shamba kwa moto: unarundika kuni juu ya jiwe, unalichoma mpaka liwe jekundu, unalimwagia maji, linachanika kama muhogo. Kweli, mimi mwenyewe nimeliona likifanyika, na ni kazi nzuri. Shambani moshi unakwenda zake. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba shimoni moshi hauna pa kwenda. Wakateremsha kuni, wakachoma jioni nzima. Mdomo wa kisima ulitoa moshi kama bomba la treni. Asubuhi moshi ulikuwa umekwisha. Tulichungulia, tukaona hewa safi kabisa, tukaona majivu chini, meupe. Chini ya majivu makaa yalikuwa bado mekundu, yanakula hewa, ila hayo hatukuyaona.

Nilikuwa nimewaletea uji. Baba Asha alikunywa amesimama, akanirudishia kata, akasema leo tutaoga. Akafunga kamba kifuani, Hamisi akamteremsha. Alipofika chini aliifungua kamba apate kuinama vizuri. Nilisikia mtaimbo ukigonga. Ukagonga tena. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Hamisi, nipe kamba." Hamisi akaitikisa kamba imfikie. Hakuishika. Tukachungulia. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, mikono juu ya magoti.

Amekaa vizuri. Kama anayesubiri chai.

Mimi ndiye niliyepiga yowe, na yowe langu unalifahamu, lilifika Kilimatinde. Hamisi alikuwa ameshavua shati na kuishika kamba. Na hapo, sijui kutoka wapi, mwalimu akaja. Mtu aliyekatazwa shimo, mtu aliyezunguka njia ndefu kwa hofu ya shimo, alikuja mbio akajitupa juu ya mdomo wa kisima, miguu upande huu, mikono upande ule, tumbo juu ya utupu. Alikuwa mrefu na kisima kilikuwa chembamba. Alikiziba kama mfuniko.

Hamisi alimwambia atoke. Mwenyekiti alimwambia atoke, mtu anakufa. Mwalimu alikuwa amefumba macho.

"Amekwisha kufa," alisema. "Hamisi, kaka yako amekwisha kufa. Mimi najua. Hapo chini hakuna hewa. Ukishuka utakaa karibu naye."

Hamisi alimpiga. Alimpiga teke la mbavu, akampiga la mdomo, meno mawili yakatoka na damu ikadondokea kisimani. Watu hawakujua wamzuie nani. Mwalimu hakujitetea, mikono yake ilikuwa na kazi ya kushika ukingo. Alilia kama mtoto, kwa uchungu na kwa hofu, na huku analia alirudia lile lile: amekwisha kufa, mimi najua, leteni taa. Mama Elizabeti ndiye aliyekimbia akaleta koroboi. Wakaiwasha, wakaifunga kwenye uzi, wakaipitisha chini ya kwapa la mwalimu. Ilishuka ikiwaka vizuri. Ilipofika karibu na kichwa cha mume wangu, ilizimika. Si kama imepulizwa. Ilizimika kama jicho linalofumbwa. Wakaivuta, wakaiwasha, wakaishusha. Ikazimika pale pale.

Hamisi aliiachia kamba wakati ule. Wanaume wakafunga matawi yenye majani kwenye kamba, wakayashusha na kuyapandisha, kushusha na kupandisha, kama mtu anayetwanga, kuitoa ile hewa. Wakamwaga maji. Ilichukua muda ambao siwezi kuusema, mpaka koroboi ilipofika chini ikaendelea kuwaka. Ndipo mwalimu akabiringika pembeni, na Hamisi akashuka amefungwa kamba kifuani, akampandisha kaka yake.

Nilimshika mume wangu. Alikuwa na joto.

Hilo ndilo lililotula miaka yote. Wengine walisema ni joto la makaa. Wengine walisema mtu aliyekufa hawi na joto vile, alikuwa hai, Hamisi angemwahi. Na mwalimu alisema anajua; alijuaje? Na kumbuka ni yeye aliyekitaja kifo penye shimo tupu. Hakuna aliyemfukuza, usije ukatusingizia. Ila jioni darasa lilipofunguliwa hakutokea mtu. Mimi nilikuwa edani. Nasikia alikaa peke yake mbele ya madawati mpaka giza, jioni nyingi, ubao umeandikwa vifo upande wa kushoto na upande wa kulia hakuna kitu. Kisha akaondoka. Mwalimu mwingine akaletwa, mchangamfu, asiyechora, na ni huyo aliyenipa cheti changu.

Kisima kilitoa maji. Maji matamu, hayana chumvi hata kidogo, na bado yananywewa. Hamisi hakuyanywa. Eda ilipokwisha wazee walikaa, wakasema nyumba ya kaka isibaki bila mwanamume, Hamisi akanioa, na tulizaa watoto watatu wenye hasira za nyuki. Alikuwa mume mwema. Lakini alikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya chakula, na nilijua yuko wapi. Alikuwa amesimama ukingoni, ameshika kamba. Siku nyingine aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, kama ningemtoa yule mwalimu kwa nguvu, ningefika? Nilimwongezea mboga. Ningesema ungefika, ningemwua kwa majuto. Ningesema usingefika, angeniuliza nimejuaje.

Miaka ikapita, Asha akaolewa Kilimatinde. Alipojifungua tulikwenda kumwona, mimi na Hamisi, na Asha ndiye aliyetuambia kwamba yule mwalimu wetu wa zamani anakaa pale, kwa dada yake, kwenye nyumba ya mwisho kabisa ukingoni mwa mlima, pale ambapo ukitoka nje ya mlango nchi inakatika na unaona tambarare ya Ugogo chini kama umening'inizwa. Niliwaza, mtu aliyeogopa mashimo! Nikataka kucheka. Hamisi hakucheka. Aliichukua fimbo yake ya kuchungia na kuniambia nimwonyeshe nyumba.

Njia nzima niliongea. Mimi nikiogopa naongea. Nilimwambia mwalimu ni mzee sasa, nilimwambia dada yake yupo, nilimwambia habari za bei ya alizeti. Yeye alikuwa mbele, na fimbo haikugusa ardhi.

Tulimkuta ndani, amekaa mezani, kwa sababu alikaa siku zote mbali na mlango ule. Mifupa mitupu, nywele nyeupe, mdomo umebonyea pale meno yalipotoka. Ukutani amechora kwa mkaa, chombo juu ya chombo, vyote na shingo ya kibuyu. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti, uso ukafunguka. Kisha akamwona aliye nyuma yangu. Alisimama. Aliishika meza, akaivuta kidogo kidogo mpaka ikawa kati yake na Hamisi, na nilimwona mzee wa watu anapima umbali wa dirisha.

Hamisi hakumwamkia. Katika maisha yangu yote sijamwona mtu wa kwetu akiingia kwa mzee bila shikamoo. Nilisikia aibu mpaka miguuni.

"Siku ile ulisema amekwisha kufa," Hamisi alisema. "Ukasema unajua. Ulijuaje?"

Mwalimu alinitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye nitakayemwokoa. Sikuweza. Na mimi nilikuwa nataka jibu.

"Sikujua," akasema.

Upepo wa bondeni ulikuwa unaupiga mlango. Hamisi alibadilisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Na leo?"

"Hata leo sijui. Nimefikiri kila siku. Huenda alikuwa hai. Huenda ungemfikia, Hamisi, ukamfunga kamba, ukaanguka wewe. Huenda msingetoka wote. Nilijua hewa. Yeye sikumjua."

"Kwa nini hukusema hivyo?" Sauti ya Hamisi ilipanda ikavunjika, sauti ya yule kijana wa gogoni. "Kwa nini hukusema hujui? Miaka yote hii. Kwa nini ulisema unajua?"

Mwalimu alikuwa anatetemeka kiasi kwamba meza nayo ilitetemeka, na kikombe cha bati kilichokuwa juu yake kilisikika.

"Ningesema sijui," alisema, "ungeshuka."

Nilihesabu hatua kati ya fimbo ile na kichwa kile cheupe, nikajiweka tayari kupiga yowe. Hamisi alitazama sakafu, kama anachungulia kisima. Kisha alikwenda mpaka ukutani, akaiegemeza fimbo, taratibu, isianguke.

"Ndiyo," alisema. "Ningeshuka."

Akarudi, akasimama mbele ya meza, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Mzee alimtazama uso, akaitazama mikono yake mitupu, akamtazama tena uso.

"Marahaba," akasema, meza akiwa bado ameishika kwa mikono miwili.